Mbegu ya Kiazi ni Kiazi

Nilimenya viazi miaka ishirini na tisa jikoni mwa shule moja ya bweni, kwa hiyo mtu asije akanifundisha habari za viazi. Najua cha kukaanga na cha kuponda. Najua kilichopigwa na jua kikageuka kijani, na nikikishika tu najua kama kimeoza moyoni. Nilistaafu na kidole gumba kilichopinda kwa sababu ya kisu. Ndiyo maana Agosti ya mwaka juzi, mke wa mwanangu aliponipokonya bakuli mkononi na kuniambia sijui mbegu ya kiazi, nilihisi nimepigwa kofi.

Mimi ni Lornah Adongo. Majirani huniita Min Gordon, yaani mama yake Gordon. Boma yangu iko mbele kidogo ya Nyamasaria ukitoka Kisumu kuelekea Ahero, kwenye ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka uji mvua ikinyesha. Tangu mzee wangu aage dunia tumebaki watatu: mimi, Gordon anayetengeneza majokofu mjini, na mkewe Nangila, binti wa Kimilili kule Bungoma. Nikiwa na furaha namwita Nangila. Nikikasirika namwita Nyar Bungoma, binti wa Bungoma, na anajua mara moja hali ya hewa imebadilika.

Siku hiyo alikuwa ametoka kwao kumsalimia mama yake. Nilikuta bakuli mezani lenye vinyanya vya kijani, vidogo, vya duara, kama gololi. Nilikuwa nakaanga omena, dagaa wetu wa ziwani, na sikuwa na nyanya hata moja. Nikashukuru Mungu, nikachukua kisu.

"Mama, wacha! Hiyo ni sumu!"

Kabla sijageuka bakuli lilikuwa limeshatoka mkononi mwangu. Jikoni kwangu, mbele ya sufuria yangu!

"Sumu gani? Nyanya tangu lini ikakuwa sumu?"

"Si nyanya, Mama. Ni matunda ya waru. Waru ikitoa maua, kwetu juu kwa baridi inazaa hii. Haikuliwi. Mimi nataka ile mbegu iko ndani."

Nilicheka mpaka omena ikaanza kuungua. "Nyar Bungoma, mbegu ya kiazi ni kiazi. Unakata, unaacha jicho, unapanda. Hiyo yako si mbegu."

"Hii ndiyo mbegu yenyewe, Mama," akasema polepole, kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi kuliko kelele. "Ile ingine ni kiazi tu, sisi ndio tunaiita mbegu."

Alivipasua vile vitunda vilipolainika, akakamua utelezi wake ndani ya glasi ya maji, akauacha siku tatu mpaka ukanuka. Kisha akaosha, akachuja, akaanika kwenye karatasi. Zilibaki punje bapa, ndogo kuliko ufuta, ambazo ungepiga chafya ukazipoteza zote. Akazitia kwenye bahasha na kuichomeka nyuma ya kalenda ya kanisa. Nami nikapeleka habari kwa jirani yangu Kageha, Mmaragoli mwenye sauti ya kwaya na masikio marefu, kwamba mkaza mwanangu amehifadhi mbegu za kiazi kwenye bahasha ya barua. Tulicheka wiki nzima.

Kicheko kilikwisha Februari.

Ili unielewe hasira yangu, lazima ujue jambo moja. Kwetu sisi Wajaluo mwaka wa kilimo hauanzishwi na mtu yeyote tu. Mama mwenye boma ndiye anayetoa mbegu kwanza na kuitia ardhini, alfajiri, kabla hata ya chai. Wake za wanawe hufuata. Tunaita golo kodhi, kutoa mbegu. Tukiongea Kiswahili na wageni husema tu "kufungua shamba", kwa sababu hatuna njia nyingine fupi ya kulisema. Anayemtangulia mama huyo kupanda ni kama ametangaza kwamba mama hayupo tena. Najua siku hizi watu mjini wanapanda hovyo, kila mtu na wakati wake. Lakini nilikuwa nimeshakabidhi mengi. Jiko la gesi lilikuwa la Nangila, rimoti ya televisheni ilikuwa ya Gordon, na hata dawa zangu za presha zilikuwa zikihesabiwa na watu wengine. Kutoa mbegu kulikuwa kwangu. Asubuhi moja kwa mwaka boma yote ilinisubiri mimi.

Basi Alhamisi moja, wanawake wa maombi wakiwa wamekaa kwangu wakinywa chai, nilizunguka nyuma ya jiko kuchukua kuni. Nikaona neti kuukuu ya mbu imefunika kitu. Nikaifunua. Ndani ya beseni lililotoboka, kwenye udongo uliochekechwa laini kama unga, vilisimama vimche vya kijani, vingi tu, kila kimoja na vijani viwili vitatu.

Nililibeba lile beseni mpaka katikati ya wageni na kulitua juu ya meza, karibu na maandazi.

"Nyar Bungoma! Hii umepanda lini?"

Akatoka akipangusa mikono. "Januari, Mama."

"Januari! Mimi sijatoa mbegu, wewe umepanda! Umenizika?"

Mzee Oluoch, ndugu wa marehemu mume wangu, anayeishi ng'ambo ya ua na hajawahi kukosa chai ya Alhamisi ingawa haombi, aliweka kikombe chini. Yeye ndiye mwenye kujua mila za ukoo wetu, na huzitamka taratibu kama karani wa mahakama.

Nangila alinitazama, akatazama beseni. "Lakini Mama, si wewe ulisema hii si mbegu? Ulisema mbegu ya kiazi ni kiazi. Kama si mbegu, mimi nimepanda nini?"

Kageha ndiye aliyeanza. Chai ilimtoka puani. Kisha wote wakaangua kicheko, hata katibu wa kikundi ambaye huwa hacheki, na Mzee Oluoch akafunika mdomo kwa kofia. Nilichekwa ndani ya nyumba yangu, juu ya maandazi yangu. Damu ikanipanda.

Nikainuka. Nilikuwa nikiongea Dholuo na wageni, lakini miaka minne ndani ya boma hii Nangila alikuwa bado anajua maneno matano tu, na mawili kati ya hayo ni ya kufukuza kuku. Nilitaka imuingie. Nikasema kwa Kiswahili, neno moja moja.

"Sikia vizuri. Kama kiazi itatoka kwa hii beseni, hata moja, mwaka ujao si mimi nitafungua shamba ya hii boma. Utafungua wewe. Naapa mbele ya Mungu na hawa wamama."

Kageha akafuta pua, akatafuta kalamu.

"Min Gordon," Mzee Oluoch akasema, "umesema?"

"Nimesema."

"Basi imesemwa," akajibu, akachukua andazi.

Nilikuwa na uhakika kabisa. Kisumu na joto lake, viazi! Hata vya madukani hapa vinachoka siku ya tatu. Nilichofanya, niliwaza, ni kumtia adabu mtoto wa watu bila kumpiga.

Mwezi wa tatu nikatoa mbegu zangu kama kawaida, mahindi na maharagwe, nikiwa peke yangu kwenye ukungu wa asubuhi na jembe la marehemu mzee wangu. Nilifukia shimo la kwanza, nikajihisi mwenye boma kuanzia kichwani mpaka nyayoni. Nangila alisubiri mpaka nilipomaliza ndipo akachukua jembe lake. Vile vimche vyake hakuvipeleka shambani. Alikata mitungi mikuukuu ya maji, ile ya plastiki ya manjano, akaitoboa chini, akajaza udongo na samadi, akachagua vimche kumi na vitano vyenye nguvu. Akaipanga chini ya mpapai, akatundika neti juu yake kukinga jua la mchana. Jioni aliimwagia maji ili udongo upoe. Mchana aliufunika kwa nyasi kavu.

Sikutaka kuvitazama. Lakini bafu letu liko nyuma, na ukienda bafuni lazima upite pale.

Cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba havikufanana. Panda kiazi, utapata ndugu yake yuleyule, jani kwa jani. Hivi vilitoka bakuli moja na kila kimoja kilikuwa na sura yake. Kimoja kilikuwa na majani mapana, kingine majani yenye mikunjo, kingine shina la zambarau. Nikamuuliza Nangila, kama mtu asiyejali.

"Kila mbegu ni mtu wake, Mama. Kama watoto wa tumbo moja. Hakuna mwenye anajua huyu atazaa nini mpaka achimbuliwe. Inaweza kuwa hakuna mtu dunia mzima amewahi kuonja hiyo waru."

Jibu hilo lilinisumbua. Viazi vyote nilivyomenya maishani, tani kwa tani, vilikuwa watu watatu au wanne tu waliorudiwarudiwa.

Nikaanza kuvipa majina, kimoyomoyo. Kilichoamka mapema kikawa Okinyi, aliyezaliwa asubuhi. Kinene kilichokalia kivuli cha wenzake nikakiita Kageha. Mtungi mmoja ulikuwa na viwili vilivyoota vimebanana, Nangila akashindwa kuvitenganisha bila kukata mizizi. Cha mbele nikakiita Apiyo. Cha nyuma, kile kilichodumaa, kikawa Adongo, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyowaita mapacha wa kike, anayetangulia na anayefuata. Mimi mwenyewe nilifuata. Dada yangu Apiyo alikuwa na meno mazuri, sauti nzuri, na mume mwenye baiskeli kabla yangu. Basi nikajikuta nikitoka bafuni na kopo la maji na kummwagia Adongo kidogo zaidi, nikitazama nyuma nisionekane.

Mwishoni mwa Aprili Apiyo akafa tu, akanyauka kwa siku mbili. Adongo akapanda juu kama aliyesubiri nafasi. Asubuhi moja nilipita na taulo begani nikamkuta ametoa ua.

Nilisimama. Lilikuwa la zambarau, lenye kitovu cha manjano, na petali zake zilikuwa na mkunjo mweupe pembeni kama kitambaa cha mezani kilichoshonwa na mtu mwenye subira. Miaka ishirini na tisa, na sikuwahi kuona ua la kiazi. Kwangu kiazi kilikuwa kitu kinachoshuka kutoka kwenye lori, ndani ya gunia, na matope. Niliona aibu, kusema kweli. Ni kama kumfahamu mtu maisha yako yote na kutojua kwamba anaimba.

Kageha alinikuta pale. "Min Gordon, unamuombea ama unamlaani?"

"Naenda kuoga."

"Umeshaoga, mpaka maji yamekauka mwilini," akasema. Kisha akaniegemea kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni ya kusikika mpaka barabarani. "Ile kiapo umekumbuka? Mimi nimeandika tarehe."

Nilikumbuka. Tangu siku hiyo nilikumbuka kila nilipopita.

Mei ikaja na mvua yake. Nangila alisafiri Kimilili, mama yake alikuwa afanyiwe upasuaji wa jicho. Gordon akaenda kazini. Saa tatu asubuhi nilisikia kuku wakilalamika. Nilipotoka nje, nikaona maji ya mafuriko ya uwanda wetu wa Kano yakija taratibu kupitia ua, ya kahawia, yakibeba majani na ndala moja ya mtu. Sisi tumezoea. Unapandisha unga, godoro na vitabu vya benki, unakaa juu ya meza na kusubiri.

Nilipandisha unga. Nilipandisha godoro. Kisha nikakumbuka mitungi.

Nitasema ukweli, sina wa kumdanganya. Nilisimama mlangoni na sketi nimeinua magotini, nikafikiri: acha. Maji hayana mkono wa mtu. Yakisimama siku mbili viazi vyote vinaoza, kiapo kinaoza navyo, na mwaka ujao natoa mbegu zangu kama kawaida. Nangila atalia kidogo, nitampikia kuku. Nani angenilaumu?

Kageha alikuwa juu ya kibanda chake ng'ambo ya ua, miguu inaning'inia. Akaniona ninavyotazama kule nyuma. "Wachia Mungu, Min Gordon!" akaita. "Mungu mwenyewe amekuja kukutoa kwa shida!"

Maji yalikuwa yamefika chini ya mpapai. Ua la Adongo lilitikisika kila wimbi dogo lilipogonga mtungi.

"Mungu ananijua!" nikamjibu, nikaingia majini.

Sikuwa na huruma, tusidanganyane. Nilikuwa na udadisi. Nisingeweza kuzeeka bila kujua kulikuwa na nini chini ya ua lile. Mitungi ilikuwa mizito kama watoto waliolala. Niliiburuta mmoja mmoja, kumi na minne, nikitukana kwa Dholuo, Kiswahili na Kiingereza kidogo cha shule. Meza ilijaa. Nikapanga mingine juu ya kabati la vyombo, mingine juu ya makochi ya Gordon aliyonunua kwa fahari kubwa, yenye vitambaa vya kufuma. Adongo nikamweka kwenye kochi la mzee, ambalo hata askofu hajawahi kuruhusiwa kulikalia.

Gordon alirudi saa kumi akivuka maji, viatu mkononi. Akasukuma mlango. Viazi vilikuwa vimekaa sebuleni kama wageni wa harusi, na mama yake ameketi juu ya kinu, matope mpaka kiunoni.

"Mama," akasema, "sasa mimi nitakaa wapi?"

"Simama. Wewe bado kijana."

Nangila aliporudi baada ya siku nne, maji yalikuwa yameondoka na mitungi imerudi chini ya mpapai. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini makochi yalikuwa na miduara ya udongo na Kageha ana mdomo. Nangila alikuja jikoni, akasimama nyuma yangu.

"Mama, kwa nini?"

"Nilikuwa nafanya mazoezi," nikasema. "Daktari wa presha alisema."

Nilisikia akivuta kamasi. Sikugeuka, maana na mimi macho yalikuwa yameanza kuniwasha, na vitunguu nilikuwa bado sijakata.

Mwezi wa sita majani yalipokuwa manjano, tukachimbua. Wanawake wa maombi walikuja wote ingawa haikuwa Alhamisi. Mzee Oluoch alileta kiti chake. Nangila alitandika gunia na kumwaga mtungi wa kwanza, wa Okinyi. Udongo, mizizi, mnyoo mmoja. Hakuna kiazi.

Watu wakaguna. Moyo wangu uliruka kwa furaha, kisha ukaona haya ukakaa chini.

Wa pili hakuna. Wa tatu hakuna. Nangila alikuwa anatabasamu, lakini aliuzunguka mtungi wa nne bila kuushika. Nikamwambia, "Mwaga ile ya Kageha."

"Ya nani?" akauliza Kageha.

Ukamwagwa. Vikaanguka vitatu, vya mviringo, vyeupe, kila kimoja kama yai la kuku wa kienyeji. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka watu wakasimama barabarani. Baada ya hapo vilikuja vya kila namna: virefu kama vidole, vyekundu, vya manjano, kimoja chenye umbo la figo. Mitungi sita haikuwa na kitu, minane ilizaa. Wa mwisho ulikuwa wa Adongo. Nilisema nitaumwaga mwenyewe. Vilitoka saba. Vidogo, siwezi kutia chumvi, kikubwa kilikuwa kama limau, lakini ngozi yake ilikuwa zambarau iliyokoza. Nilipokikata kimoja, kulikuwa na pete ya zambarau ndani ya nyama nyeupe.

Tulichemsha vichache na maganda yake, kwa sababu nilikataa vimenywe kwa kisu. Chumvi tu. Kila mtu alipata kipande kama cha komunyo. Kile cha zambarau kilikuwa na ladha ya njugu. Nilifumba macho. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kukionja kabla yetu.

"Min Gordon," Mzee Oluoch akasema akilamba kidole, "kiazi imetoka."

"Naona."

"Na ulisema."

"Nilisema."

Nangila akaangalia chini. "Mama, ilikuwa tu hasira. Mimi sitaki."

"Mimi sina maneno ya kuchezea," nikasema, nikaondoka kuosha sufuria isiyokuwa chafu.

Miezi iliyofuata sikuwa mtu mzuri wa kuishi naye. Nilijikaza, lakini nilianza kujiona marehemu. Nilimpa Kageha sweta langu zuri. Nilimwonyesha Gordon ilipo hati ya ardhi, akaniuliza kama naumwa. Mzee Oluoch alipendekeza tuchinje jogoo na kuyarudisha maneno. Nikakataa. Mtu aliyeapa mbele ya wanawake kumi na wawili na kisha kumtanguliza jogoo, atamwangalia nani machoni? Lakini nilikuwa na hofu, na sikuona aibu kuihisi. Ardhi ile nilikuwa nimeitolea mbegu mara thelathini na nane. Sikujua asubuhi ile ikipita bila mimi, ningeamkia nini tena.

Nikaona pia Nangila ameanza kwenda kwa Mzee Oluoch jioni na chupa ya chai. Niliwaona wakiongea kwenye ua, yeye anauliza, mzee anainua kidole, yeye anarudia kitu kwa midomo. Nikafikiri: anajifunza kazi yangu. Ni haki yake. Nilikaza meno mpaka yakauma.

Mwaka huu mvua ilinukia mapema. Asubuhi yenyewe niliamka kabla ya wote, kwa mazoea, nikachukua jembe la mzee, nikakumbuka, nikakaa nalo kizingitini. Nangila akatoka amefunga leso kiunoni. Nyuma yake Gordon, na kwenye ua Mzee Oluoch na kiti chake, na kichwa cha Kageha.

Nikainuka. Nilimkabidhi jembe kwa mikono miwili. "Fungua," nikamwambia. Sauti ilinikatika, nikakohoa ionekane ni kifua.

Akalipokea, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa, akaenda mpaka ukingo wa shamba. Akainua, akapiga mara moja, mara ya pili. Akachimba shimo moja zuri, la kina cha kiganja. Kisha akasogea pembeni, akasimama.

Tulisubiri. Hakuingiza mkono mfukoni. Hakutoa mahindi wala maharagwe.

"Mama," akasema, "si nimefungua?"

"Umechimba. Sasa panda!"

"Lakini hukusema kupanda. Ulisema nifungue. Nimefungua."

Nikamgeukia Mzee Oluoch. Alikuwa ameshasimama, kofia kifuani, kama mtu aliyesubiri miezi tisa kutoa hukumu hii.

"Aliapa kwa Kiswahili," akatangaza. "Mimi nilikuwepo, nilikuwa na andazi mkononi. Alisema kufungua shamba. Golo kodhi hakutaja. Angetaka kuapa golo kodhi, lugha yake anaijua. Kiapo ya Kiswahili inashika kwa Kiswahili. Shamba imefunguliwa. Mbegu haijatoka."

"Na mimi niliandika!" akapaza Kageha kutoka kwenye ua. "Tarehe na maneno yote! Kufungua, ndiyo imeandikwa!"

Nangila alinikaribia. Akafungua ncha ya leso yake. Kilikuwa kile kiazi cha Adongo, kikubwa chenye ukubwa wa limau, kimenyauka sasa, na macho yake yametoa machipukizi mafupi ya zambarau. Alikuwa amekihifadhi chini ya kitanda chake muda wote huo. Akakishika kwa mikono miwili, akatamka maneno aliyofundishwa na mzee, kwa lafudhi mbaya kabisa ya Bungoma, kila herufi mahali pasipo pake.

"Mama, gol kodhi."

Mama, toa mbegu.

Machozi yalinitoka bila kuniuliza. Nilikipokea. Nilitaka kumwambia kitu kikali, kwamba aone sasa, nilimwambia tangu mwanzo mbegu ya kiazi ni kiazi, lakini nikakiweka akiba ya siku nyingine. Nikapiga magoti kwenye udongo mweusi, nikakiweka ndani ya shimo lake, macho juu, nikalifukia kwa mkono na kulishindilia.

Kisha nikainua kichwa, nikamwambia kwa Dholuo achimbe shimo la pili, na kwamba asiache nafasi kubwa hivyo.

Akaelewa, akachimba.